Chumba cha Mtu Mmoja

Jumamosi asubuhi jalada la mauaji ya Gaudens lilikuwa mezani kwa Inspekta Mbaruku likingoja saini yake tu. Ndani mlikuwa na ungamo la kurasa mbili, na chini ya ukurasa wa pili dole gumba la Kuruthumu limegandamizwa kwa wino wa buluu. Jumatatu mwanamke huyo angepandishwa kwa hakimu na kusomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Shtaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Kuruthumu alikuwa mpishi, mjane wa miaka arobaini na tano, hana kaka wizarani wala shemeji jeshini. Watu wa namna hiyo kesi huwashukia kama mvua isiyo na mawingu, na hakuna anayeuliza.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Gaudens, Mchaga wa Kibosho, muuza maharage na vitunguu kwa jumla hapo Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, alikutwa Alhamisi saa saba na nusu mchana ghalani nyuma ya duka lake, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani la kilo tano. Aliyemkuta ni Kuruthumu, mpishi wake wa miaka minane, aliyekuwa amempelekea sahani ya chakula. Khanga yake ilijaa damu. Na Jumatano yake, siku moja tu kabla, majirani walimsikia akimpigia kelele Candida, mke wa tajiri: "Mungu atawalipa nyie!"

Sababu Candida aliieleza mwenyewe kwa kwikwi. Familia ilikuwa imepanga kwenda kupumzika wiki mbili za Krismasi kwenye hoteli ya kitalii ya Mwambani, kule ufukweni njia ya Bagamoyo, wanakolala mabalozi na Wazungu wa miradi. Nyumba ingefungwa, na mpishi aliambiwa atafute pengine. Basi mpishi kaona uchungu, kaua. Sababu ipo, damu ipo, na Ijumaa mchana ungamo nalo likapatikana. Sajini Tarsis alimlainisha kwa saa mbili, Mbaruku akaandika.

"Saini hiyo afande," Tarsis alisema mlangoni. "Tufunge, twende zetu mpirani."

Mbaruku alikuwa kafungua kalamu. Hapo ndipo kijana mmoja mrefu alipoingia, macho mekundu, kofia mkononi.

"Shikamoo afande. Mimi Eliakimu, mdogo wake marehemu. Naomba barua ya kutolea mwili hospitali. Tunataka kumpeleka kaka nyumbani leo saa tisa."

"Marahaba. Gari unalo?"

"Ninalo, ile pikapu ya duka. Ila barua naiomba mapema, afande. Gari limepakiwa saruji tangu Alhamisi, na jeneza litabidi likae juu yake. Tukikutwa na mvua njiani, saruji yote inaganda."

Kalamu ya Mbaruku ikasimama. Mwaka ule saruji ilikuwa haionekani. Soko jipya la Kariakoo lenyewe lilikuwa bado kwenye mabanzi ya ujenzi, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakiulizana habari za saruji kama wanavyouliza habari za wagonjwa.

"Umeitoa wapi saruji, bwana mdogo? Ya magendo?"

"Haki ya Mungu, afande, ina kibali!" Eliakimu akatoa karatasi mfukoni kwa haraka mpaka ikachanika pembeni.

Mbaruku hakuiangalia karatasi kwanza. Alimwangalia Eliakimu. Mdogo mtu, gari la duka, kaka amekufa, duka sasa linabaki na nani? Akamwuliza bila kupepesa, "Alhamisi kati ya saa sita na saa nane ulikuwa wapi?"

"Kwenye foleni ya saruji hiyo hiyo. Tangu alfajiri."

"Nani alikuona?"

"Muhuri huo hapo, afande. Saa saba na dakika kumi."

Mbaruku akavuta simu. Karani wa saruji alimkumbuka Eliakimu vizuri sana, kwa sababu kijana huyo alimwita kupe mbele ya watu alipoambiwa mifuko imekwisha. Akapewa mifuko yake kumi na miwili ili anyamaze. Basi, njia ile ikafia hapo. Lakini kibali kilikuwa bado mkononi mwa Inspekta, na sasa alikisoma. *Gaudens. Mifuko kumi na miwili. Kujengea kaburi la baba mzazi, Kibosho.*

"Kaburi hili lilikuwa lijengwe lini?"

"Krismasi hii. Kaka kakifukuzia kibali hicho miezi minane. Mama alisema tofali la kwanza anaweka mwanaye mkubwa, asiweke mwingine. Tulikuwa tuondoke tarehe ishirini."

"Nani na nani?"

"Sisi sote. Kaka, shemeji, mimi. Kama kila mwaka."

"Na hoteli ya Mwambani je?"

"Hoteli gani, afande?"

Mbaruku akamweleza. Eliakimu alimsikiliza mpaka mwisho, na msiba wote ule alionao, akacheka.

"Mchaga? Krismasi? Akaogelee?" Akajifuta macho kwa kofia. "Afande, hata Mchaga kichaa, Desemba ikifika anaijua njia ya nyumbani. Kaka angemwambia nini mama? Kwamba kaburi la baba lingoje, yeye yuko ufukweni anaota jua?"

Mbaruku alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Tangu akiwa mtoto aliona jinsi nusu ya maduka ya Kariakoo yanavyofungwa ikikaribia Krismasi, na mabasi ya Moshi yanavyoelemewa na magunia ya sukari na mablanketi. Jambo hilo analijua hata muuza kahawa. Na bado juzi aliandika kwa mkono wake mwenyewe "likizo ya baharini" bila kujiuliza lolote. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira.

"Kaa kwenye benchi pale," alimwambia Eliakimu. "Barua yako utaipata."

Tarsis alimfuata hadi uani. "Sasa afande, ungamo si tunalo?"

"Ungamo tumeliandika sisi, Tarsis."

"Kwani mengine huwa yanaandikwa na nani?"

Mbaruku akachukua daftari lenye maelezo ya Candida, akatoka.

*

Ofisi ya safari ya Devendra ilikuwa nyuma ya mnara wa saa, chumba kimoja chenye feni, ramani ya dunia na picha za ufukwe zilizobandikwa ukutani. Minazi, viti vyeupe, mwavuli wa mistari. Devendra, mwembamba, miwani puani, aliposikia neno polisi alisimama na hakukaa tena. Tangu majumba ya watu yataifishwe, kila mwenye sare alikuwa akimwona amekuja kuchukua kitu.

"Ndugu Inspekta, leseni yangu iko sawasawa. Hii hapa."

"Sitaki leseni. Unamjua Candida, mke wa Gaudens wa Narung'ombe?"

"Namjua. Mteja. Maskini, nimesikia msiba." Akavua miwani, akaivaa tena. "Alikuja hapa Alhamisi."

"Najua. Kaandikisha hivyo." Mbaruku akafungua daftari lake, akasoma: "'Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na robo nilikuwa kwa Devendra tukichagua vyumba vya likizo ya familia.' Ni kweli?"

Devendra akaanza kupanga upya karatasi za mezani. Nje muuza magazeti alikuwa akitangaza vichwa vya habari.

"Bwana Devendra, nimekuuliza."

"Alikuja, ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Mimi sipendi kuingia mambo ya mahakama. Nina familia."

"Na kuna mwanamke mahabusu kwangu, Jumatatu anasomewa mashtaka ya kunyongwa. Naye ana shingo. Saa ngapi?"

Devendra akaangalia saa ya ukutani kana kwamba itamsaidia. "Ndugu Inspekta, mimi saa sita na nusu nafunga. Kufuli. Nakwenda Upanga kula nyumbani. Mke wangu Lalita hali mpaka mimi nile, na mimi chakula cha hotelini siwezi, huwezi kujua sufuria ilipikiwa nini. Saa nane kamili nafungua. Miaka ishirini na mbili nafanya hivyo. Mtu hawezi kukaa hapa saa sita na nusu, labda akae na mijusi."

"Kwa hiyo alikuja saa nane."

"Nilikuwa nimeshafungua, sijakaa, nawasha feni. Yeye huyu hapa. Mikono inanukia sabuni ya mche, ya kufulia. Nikafikiri, mama huyu ametoka kufua."

Mbaruku akaandika. Kweli, njia ya mwongo ni fupi. Candida alikuwa amekaa miaka kumi na mitatu nyuma ya kaunta ya Kariakoo, na Mchaga wa Kariakoo hafungi duka kwa ajili ya tumbo: anakula hapo hapo, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine kwenye mizani. Alifika akakuta mlango wazi. Haikumwingia akilini kwamba kuna mfanyabiashara anayepiga kufuli mchana kweupe ili akale ugali wake nyumbani, au chochote wanachokula Upanga.

"Alitaka nini?"

"Alitaka kubadilisha tarehe. Chumba alishakishika, tarehe ishirini mpaka tarehe tatu. Siku ile akauliza, kinaweza kupatikana kesho yake? Ijumaa? Nikasema mama, mbona haraka? Akasema amechoka."

"Chumba au vyumba?"

"Chumba."

"Cha watu wangapi?"

Devendra akavuta faili, akalamba kidole, akatoa fomu. Mwandiko wa Candida ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesomeshwa na masista. *Jina: Bi. Candida. Chumba kinachotazama bahari. Idadi ya wageni: mmoja.*

"Amekuja hapa mara tatu," Devendra alisema polepole. "Mara zote anauliza jambo lile lile. Asubuhi mtu akikaa kwenye kiti kile cheupe, kuna mtu atakuja kumwambia ainuke? Nikamwambia hapana mama, ukishalala pale kiti ni chako. Alifurahi sana."

Mbaruku akaikunja fomu pamoja na kijitabu cha picha za hoteli, akavitia mfukoni.

"Utakuja kusema haya mahakamani."

"Ndugu Inspekta, nakuomba!"

"Utakuja," Mbaruku akasema. "Usipokuja, nitakuja kukufuata saa sita na nusu, chakula kikiwa mezani."

*

Narung'ombe waombolezaji walikuwa wamejaa hadi barabarani, mikeka imetandikwa mbele ya duka lililofungwa. Walipoona sare wakakunja miguu apite. Ndani, kwenye kiti pekee kilichokuwapo, alikaa bibi mmoja mfupi, kaniki kichwani, rozari mkononi. Severa, mama yake marehemu, alikuwa ameshuka basi la Moshi asubuhi ile. Candida alikuwa sakafuni miguuni pake, nguo nyeusi tupu, uso umevimba kwa kulia.

"Shikamoo bibi. Pole kwa msiba."

"Marahaba baba. Barua umeleta? Mwanangu asilale siku nyingine katika barafu ya watu."

"Barua ninayo." Mbaruku akapapasa mfuko. "Nataka tu kujua, kwa ajili ya jalada, nani wanasafiri na mwili."

"Mimi, Eliakimu, na huyu."

"Mama Candida atarudi lini mjini? Tunaweza kumhitaji."

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza ng'ombe atarudi lini kuimba. "Arudi kufanya nini? Duka Eliakimu ataliangalia. Mjane wa mwanangu anakaa penye kaburi la mwanangu. Atanichotea maji, atakata majani ya ng'ombe. Hana mtoto wa kumrudisha huku." Akaisogeza rozari punje moja. "Miaka kumi na mitatu. Hata wa kuharibika hakuna."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile ya kuomba barua. Hakuna aliyeshtuka. Candida aliinamisha kichwa, na Mbaruku akaona vidole vyake vimekamata ukingo wa mkeka mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Hapo akajua pa kubonyeza. Alikuwa mpelelezi hodari, na mpelelezi hodari akishaona kidonda hakipaki dawa.

"Mama Candida, nina maswali mawili matatu. Twende ghalani."

"Ghalani siingii," Candida akasema.

"Ndiyo maana nataka twende huko."

Ghala lilikuwa limejaa magunia ya maharage mpaka darini. Sakafu ilikuwa imeoshwa kwa majivu, lakini penye mizani waa lilikuwa bado linaonekana. Tarsis, aliyekuwa amefuatana na mkubwa wake, alifunga mlango, akauegemea. Mbaruku akaketi juu ya gunia, akafungua kile kijitabu cha picha kwenye ukurasa wa kiti cheupe, akakiweka juu ya sahani ya mizani.

"Pazuri," akasema. "Mimi mzaliwa wa mji huu na sijawahi kufika. Marehemu alipapenda?"

"Alipapenda sana. Yeye ndiye aliyechagua."

"Alichagua chumba cha mtu mmoja, angekaa wapi yeye? Mtini?"

Candida akageuza uso kutoka kwenye picha.

"Alichagua Krismasi, wakati ana mifuko kumi na miwili ya saruji ya kaburi la baba yake ndani ya gari? Na wewe ukakaa kwa Devendra tangu saa sita na nusu, wakati Devendra yuko Upanga anakula kwa mkewe na mlango una kufuli?"

"Kufuli?" Candida aliuliza. Neno lilimtoka dogo, la mshangao wa kweli. "Anafunga? Mchana?"

"Kila siku. Miaka ishirini na mbili."

Mwanamke akaegemea magunia. Mbaruku hakumpa nafasi.

"Sitaki unijibu. Nina ungamo la Kuruthumu, lina dole gumba. Nikitaka, kazi yangu imekwisha. Jumatatu anakwenda kwa hakimu, mwakani wanamnyonga, na wewe hakuna atakayekugusa." Akatoa barua ya mwili, akainyoosha juu ya goti. "Ila gari la Eliakimu linaondoka saa tisa. Juu ya saruji kuna jeneza, na pembeni ya jeneza kuna wewe. Utamsikia bibi huyo asubuhi, mchana na jioni mpaka mmoja wenu afe, na yule bibi namwona ana afya. Au unapanda gari langu. Magari ni hayo mawili tu, mama. Chagua."

Tarsis, ambaye maishani mwake alizoea kupata majibu kwa mkono, alimtazama mkubwa wake kwa macho ya mtu anayejifunza kazi upya.

Candida alikivuta kijitabu, akakifunga. Alipofungua kinywa, alianza mbali.

"Pale kwao, Krismasi, anachinjwa mbuzi. Kila mke wa mtoto wa nyumba ana fungu lake la nyama, limekatwa kwa jina lake. Mwaka wangu wa kwanza bibi alinipa fungu la mgeni. Akasema, huyu tusimhesabu kwanza, tungoje azae. Nikasema haya, mwakani. Mara kumi na tatu, afande. Mara kumi na tatu nimekula fungu la mgeni nyumbani kwangu, na mume wangu amekaa pale anatafuna ubavu. Hakuna siku aliyosema mama, basi."

"Endelea."

"Sikutaka makuu. Nilitaka yeye aende zake akajenge kaburi, mimi nikae mahali wiki mbili hakuna anayeniuliza. Nyumba ifungwe, Kuruthumu asijue niko wapi, asije akasema. Alhamisi nikamwambia Gaudens. Nikamwonyesha na picha. Alikuwa ameinama anapima maharage, hapo ulipo. Akacheka. Akasema, mgumba ukae baharini ufanye nini, utazaa samaki? Akainama tena kupima. Jiwe lilikuwa mkononi mwangu kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia nimpe."

Hakulia. Machozi yote aliyokuwa nayo alikwisha kuyatumia kule mkekani.

"Na Kuruthumu?"

"Niliporudi toka mjini nyie polisi mlikuwa bado hamjafika. Nikamkuta kampakata, kichwa mapajani, khanga imelowa damu, anamwita baba, baba, amka. Nikakumbuka kelele zake za Jumatano. Nikasema moyoni, kumbe Mungu yupo." Akamwangalia Mbaruku usoni kwa mara ya kwanza. "Ni mama mwema yule. Alikuwa akinifichia kiporo nikikosana na mume wangu. Lakini mtu anayezama hachagui wa kumkanyaga, afande."

"Angenyongwa."

"Mimi je, huko juu Kibosho ningekuwa nafanywa nini?"

Tarsis akaguna. Mbaruku alikwisha toa karatasi na kalamu. Safari hii hakutunga neno hata moja. Aliandika kama alivyosikia, akamsomea, na Candida akaweka saini yake kwa ule mwandiko wa masista.

Mlangoni akasita. "Kwa hiyo Kibosho siendi?"

"Huendi."

"Hata kuzika?"

"Hata kuzika. Mahabusu hasafiri."

Candida akavuta pumzi ndefu, akapita katikati ya waombolezaji na pingu mikononi, kichwa juu. Severa alisimama, rozari ikamdondoka.

"Wanampeleka wapi?" akauliza. "Na maji atanichotea nani?"



*

Saa kumi Mbaruku alishuka mwenyewe mahabusu na funguo. Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye kona, mkono wa kulia ameuweka juu ya goti kama kitu cha kuazima. Vidole vilikuwa vimevimba, havifungi.

"Bi Kuruthumu, uko huru. Aliyeua amepatikana."

"Nani?"

"Candida."

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu. "Masikini mwanangu yule," akasema, na Mbaruku hakuelewa masikini yupi anayesemwa, aliyeua au aliyeuawa.

Juu, kwenye kaunta, kulikuwa na watu: askari wawili, mwanamke aliyeibiwa kuku, mzee aliyekuja kumwekea dhamana mwanaye. Tarsis alikuwa kasogea karibu na Inspekta, anamnong'oneza. "Lile ungamo tulichane, afande. Likibaki ndani ya jalada, hakimu atauliza ilikuwaje watu wawili wamekiri kosa moja. Lina jina lako pale chini."

"Nipe."

Tarsis akampa. Mbaruku akazikamata kurasa mbili kwa mikono miwili tayari kuzichana.

"Ndiyo hilo?" Kuruthumu aliuliza. Alikuwa amekwisha fika mlangoni. Akarudi. "Ndiyo karatasi niliyobandikwa dole?"

"Ndiyo. Halina kazi tena, bibi. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Linasema nini?"

"Halina maana sasa."

"Mimi sijui kusoma, baba. Mlinishika mkono mkaugandamiza, sikuambiwa kimeandikwa nini. Nilikuwa niende kunyongwa kwa maneno yangu mwenyewe, na mimi sijayasikia." Akaweka ule mkono wake uliovimba juu ya kaunta, mbele ya watu. "Nisomee."

"Bi Kuruthumu..."

"Nisomee, nimesema. Siondoki."

Mwenye kuku aliyeibiwa akageuka. Yule mzee naye. Tarsis akatazama dari. Mbaruku angeweza kumfukuza, askari walikuwapo na mlango ulikuwa wazi. Lakini mkono ule ulikuwa umekaa pale juu ya mbao, na kila mtu alikuwa akiuangalia. Akakohoa, akainua karatasi, akaanza kusoma mwandiko wake mwenyewe.

"'Mimi Kuruthumu binti Shomari, mwenye akili timamu, natoa maelezo haya kwa hiari yangu, bila kupigwa, bila kutishwa, wala kulazimishwa na mtu yeyote...'"

"Hapo," Kuruthumu akasema. "Rudia hapo."